Mapasa Hawaliliwi

Mama mdogo Feza alinishika mkono mlangoni kabla hata sijavua viatu, akaniambia nisilie. "Weye ni Kyungu," akasema, "unajua kabisa. Juu ya mapasa batu habalilake. Ukilia, utamufuata." Nilikuwa nimetoka Lubumbashi kwa basi tangu alfajiri, vumbi la malori ya madini limenikaa mpaka kwenye meno, miguu imevimba, na Kabange, pacha wangu, alikuwa amelala ndani ya sanduku katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yetu, hapa Kolwezi. Sikuwa na nguvu za kubishana. Niliketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, nikapewa kikombe cha chai ambayo ilishapoa. Hakuna aliyekuwa akilia. Waliimba zile nyimbo za mapasa, yaani mapacha, zenye matusi, ambazo watu wa kaskazini huwaimbia wazazi siku mapasa wanapozaliwa, na ambazo huimbwa tena mmoja wao anapoondoka. Wala hakuna aliyesema kwamba Kabange amekufa. Walisema ameenda kutafuta kuni. Mama yetu, ambaye sasa ni mkongwe na husikia anachotaka tu, alikaa kwenye kigoda kando ya dirisha, macho makavu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akiitikia nyimbo kwa midomo bila sauti. Nilimwangalia nikajiuliza kama anakumbuka kile alichokubali zamani, au kama uzee umemrudisha kwenye imani ya Feza, mdogo wake.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kila mwaka nachora duara mbili ubaoni, moja kushoto na nyingine kulia, nawaeleza vijana waliosinzia kwamba viumbe hai vina namna kuu mbili za kugawanya seli, mitosi na meyosi, na kwamba wasipojua kuzitofautisha nitawanyima alama. Nimelisema somo hilo mara nyingi kiasi kwamba mdomo unaweza kulisema wakati mimi nawaza sabuni imeisha nyumbani. Lakini pale kwenye mkeka, huku Feza akiwa ameniketia karibu kama askari, lilinirudia lilivyokuwa mara ya kwanza, mwaka wetu wa mwisho wa sekondari, tulipokuwa tukikaa mtaa wa Kasulo. Nyumba ile haipo tena. Waliohamia baada yetu walichimba kobalti chini ya sakafu, na chumba tulicholala Kabange na mimi sasa ni mdomo wa shimo uliofunikwa turubai. Nilipita hapo mwaka juzi. Kijana mmoja alitokeza kichwa, akanisalimia vizuri, "Jambo, mama," akarudi chini. Sikumwambia kwamba alikuwa ametokea mahali palipokuwa kitanda changu.

Juu ya kitanda hicho nimelala mchana zaidi ya mtu yeyote mwenye afya ninayemjua. Kabange alikuwa na maumivu ya mifupa tangu utotoni. Yalimjia bila taarifa, kwenye mapaja, mgongoni, kwenye vidole, hasa baridi ya Juni ilipoanza, akajikunja akang'ata shuka. Mama alikuwa na dawa yake. Aliniita popote nilipo, kisimani, kwa rafiki, hata kanisani katikati ya wimbo, akanilaza ubavuni mwa Kabange, mgongo kwa mgongo, akatufunika blanketi moja. Mapasa ni mtu mmoja aliyegawanyika, alisema, kwa hiyo ukiwalaza pamoja ugonjwa nao utagawanyika, kila mmoja ataondoka na nusu yake. Kama Kabange alipewa kidonge, nami nilimeza kidonge. Kama alikatazwa chumvi, nami nilikula sombe, yaani kisamvu, bila chumvi. Na kuita alituita kwa pumzi moja, Kyungu-na-Kabange, hata akimtaka mmoja tu, kwa hiyo tulizoea kwenda wote. Mama alikuwa Mmethodisti safi, mwimbaji wa sauti ya kwanza, na mchungaji alimheshimu, ila katika mambo ya mapasa mchungaji hakuulizwa. Nami niliamini. Nililala pale nikivuta maumivu kwa nia yangu yote, na kuna siku niliyasikia kweli kwenye goti.

Ni kutoka kitandani pale tuliposikia habari ya safari. Ukuta kati yetu na jikoni ulikuwa wa tofali moja, na mama mdogo Feza hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Ilikuwa mchana, mwanzoni mwa Juni, Kabange ndiyo kwanza ametulia, na mama na Feza walikuwa wakichambua sombe karibu na mbabula, jiko la makaa. "Mi nilikuambia tangu zamani," Feza alisema. "Pemba iliisha. Balipaka Kyungu, na wakati ya Kabange ikakuwa haiko. Njo bakachukua unga ya muhogo." Mama alijibu kwamba unga nao ni mweupe. "Mweupe, ndiyo, lakini haiko pemba! Ile mutoto habakumaliza kumupokea. Unafikiri maumivu inatoka wapi?" Visu viliendelea kukata majani. Kisha mama akasema tutapanda lori la mizigo linaloelekea kaskazini, tufike kijijini, bibi aliyetupaka siku tulipozaliwa atupake upya sote wawili kwa pemba, udongo mweupe wa kweli, sherehe iishe inavyotakiwa. Lori lilikuwa linaondoka wiki ileile. Kabange alinigeuzia uso. Sote tulijua maana ya siku kadhaa juu ya magunia, upepo wa Juni unapiga, bila paa. Baridi ya hapa Kolwezi tu, akiwa ndani ya nyumba, ilikuwa inamlaza. "Sitarudi," aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua haitanyesha. Mpaka leo, nikikumbuka kwamba maumivu yote yale yalihesabiwa kuwa ni kosa la unga wa muhogo, sijui kama nicheke. Kwa kawaida nachoka tu.

Siku iliyofuata alisisitiza kwenda shuleni. Tulitembea polepole, mimi nimebeba mikoba yote miwili. Mwalimu wetu wa biolojia, Prof Mwepu, alikuwa mtu mwembamba mwenye koti lililojaa chaki mifukoni, anayefundisha kwa bidii hata katika darasa lisilo na vioo madirishani. Aligawa ubao kwa mstari. Kushoto, mitosi: seli inanakili kila kilichomo ndani yake, inagawanyika mara moja, zinatoka seli mbili zilizo sawa na ile ya kwanza kwa kila kitu. Ndiyo inayotukuza, ndiyo inayofunga kidonda. Kulia, meyosi: hii haifanyiki popote mwilini isipokuwa katika viungo vya uzazi. Seli inanakili mara moja lakini inagawanyika mara mbili, zinatoka seli nne, kila moja ina nusu tu ya kromosomu, na kabla hazijaachana zile jozi za kromosomu hubadilishana vipande, kwa hiyo hakuna seli inayofanana na mwenzake. Nusu ya baba inakutana na nusu ya mama, anapatikana mtu mzima ambaye hajawahi kuwako. Halafu, kwa sababu alipenda mifano, akatunyoshea kidole. "Kwa mitosi hamuna haja ya kuangalia mbali. Muangalie Kyungu na Kabange. Yai moja, ikagawanyika, voilà."

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi nilikuwa mrefu, mweusi, mwenye miguu mikubwa kama ya mama. Kabange alikuwa mfupi, maji ya kunde, mwenye pengo kati ya meno, na macho yake yalikuwa ya manjano kidogo tangu siku zote. Alinyosha mkono. "Prof, mais sisi hatufananake." Mwepu akatutazama, mmoja baada ya mwingine, na nampenda hadi leo kwa sababu hakuona aibu kujisahihisha mbele ya watoto. "Haki yako. Haiko mitosi. Ninyi mulitoka mu mayai mbili. Njo meyosi, kila mutu na ya kwake. Muko sawa tu na mukubwa na mudogo yake, ila mulizaliwa siku moja." Kabange hakushusha mkono. "Donc mumoja anaweza kupata kitu na mwingine asikipate?" Inawezekana sana, alisema Mwepu, na akachukua mfano mwingine, akaegemea meza. Kuna ugonjwa wa damu, watu huuita esi-esi, na vitabu vya Kiswahili huuita selimundu. Baba anaweza kubeba nusu yake bila kujua, mama naye nusu, wote wazima. Katika meyosi nusu hizo hutengwa, na ni bahati tu inayoamua mtoto atapewa ipi. Mmoja anaweza kupata nusu zote mbili mbaya, ndugu yake asipate hata moja. Yule aliyezipata, alisema, utamjua: mifupa inamuuma, baridi inamzidishia, macho yake ni ya manjano. Alinyamaza hapo, kwa sababu darasa zima lilikuwa limegeuka kumtazama Kabange, na Mwepu akatambua alichokuwa akikisema.

Njiani kurudi nyumbani Kabange alitembea hatua chache mbele yangu. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba nilisikia upweke ambao sikuwahi kuusikia. Miaka yote nilikuwa nusu ya mtu, na nusu hiyo ilikuwa na kazi: kulala ubavuni, kuvuta maumivu. Sasa mwalimu kwa kipande cha chaki alikuwa amenitoa kazini. Nilikuwa msichana mmoja mzima mwenye afya, mwenye miguu mikubwa, na maumivu ya dada yangu hayakuwa yangu hata chembe. Nikamwonea hasira Mwepu, nikajionea hasira mimi mwenyewe, na mikoba ilinilemea mabegani mpaka tulipofika.

Jioni ile tulikula ndani kwa sababu ya baridi. Mama alikuwa na namna yake ya kutupikia bukari, yaani ugali. Hakusonga sufuria moja akaikata katikati, maana alisema mapasa wakigawiwa nusu wataona wivu, mmoja atarudi alikotoka. Alisonga mara mbili, akatengeneza mabonge mawili yaliyolingana, akayalainisha kwa mwiko uliolowa maji hadi usingeweza kuyatofautisha. Baba alikula na sisi, na baba mezani hakuongea kamwe; alifanya kazi katika karakana yenye kelele siku nzima na alikuwa ameapa kwamba chakula chake atakila kimya. Feza alikuwepo pia, akieleza kuhusu lori. Kabange aliacha bonge lake bila kuligusa. "Mama," alisema, "bukari unatugawiaka sawasawa, kila mutu yake nzima. Mais damu haikugawanyika vile. Prof amesema mi na Kyungu haiko mutu moja. Tuko batu babili. Yangu iko mu damu, yeye hana. Inatokaka nusu ku tata, nusu ku mama. Haiko pemba. Mukinipeleka na lori, mi nitakufa mu njia."

Mama aliweka mkono chini. Mimi nilitaka sakafu ipasuke, jambo ambalo baadaye ilifanya, lakini si kwa ajili yangu. "Donc mi njo nilikupa?" aliuliza. "Mi nilikubeba, nilikunyonyesha, nililala chini wakati unaumwa, kumbe mi njo nilikupa ile kitu?" Feza akadakia kwamba siku hizi shuleni watoto wanafundishwa kutukana wazazi. Nilielewa wakati ule, ingawa nilikuwa mdogo, kwa nini unga wa muhogo ulikuwa mtamu zaidi kuuamini. Unga lilikuwa kosa la bibi wa watu kijijini, kosa linaloweza kurekebishwa kwa safari na nyimbo. Hili lingine halikuwa na wa kulaumiwa isipokuwa waliokaa pale wakila. Na hapo baba, ambaye hakuongea mezani, alisafisha koo. "Amesema nusu," alisema. "Nusu ingine ni ya kwangu. Usiibebe peke yako, mama." Akanawa mikono, akakausha taratibu kwenye suruali yake. "Ile lori iende. Kesho tunaenda ku opitali, sisi wote."

Tulienda wote, tukatobolewa vidole wote. Sitaeleza sana hospitali, hospitali zinafanana na nimekaa katika benchi zake kupita kiasi. Daktari alikuwa mchovu na mpole. Ilikuwa kama Mwepu alivyosema: baba nusu, mama nusu, Kabange zote mbili. Mimi nilikuwa na nusu moja iliyojificha, kama wazazi. Alituandikia vidonge ambavyo vilikuwa vya Kabange pekee, akasema anywe maji mengi, asishikwe na baridi, asibebe mizigo. Mama alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Na pemba?" Daktari hakuelewa. Mama akasema basi, haidhuru, akasimama. Alipofika nje alimvalisha Kabange sweta lake mwenyewe, akamfunga vifungo hadi shingoni kama mtoto mchanga, akasema, bila kutuangalia, kwamba kumbe mtu anaweza kutoa alichokuwa hajui kuwa anacho.

Maumivu hayakuisha. Yalikuja tena kabla ya mtihani wa taifa, na mimi kwa mazoea nilivua viatu nikajilaza mgongo kwa mgongo. Kabange alinisukuma kwa kiwiko. "Amuka," alisema. "Haisaidie. Uniletee maji ya moto." Nikainuka nikachemsha maji kwenye mbabula, nikajaza chupa, nikamwekea mgongoni, na hilo lilimsaidia kidogo, kuliko kulala kwangu kwa miaka yote. Nilipokuwa nikimfunika alinishika mkono. "Kyungu, siku moja nitakufa mbele yako. Usinikatalie, ni biolojia. Bataimba ile matusi yao, batasema nimeenda ku kuni. Weye unililie. Mi haiko nusu yako, mi ni mutu. Unililie sawa mutu." Nilimwambia aache upuuzi. Alisubiri mpaka nilipokubali, kwa mdomo, kwa sauti, na ndipo alipofumba macho.

Alifanya mtihani akiwa amejifunika blanketi na akapata alama kunishinda, jambo alilonikumbusha katika kila karamu ya familia. Mimi nilikwenda Lubumbashi kusoma, yeye akabaki hapa akafundisha watoto wa shule ya msingi, na mama akajifunza kusonga bukari la bonge moja. Kabange aliishi zaidi ya vile madaktari walivyotarajia, akaumwa, akapona, akaumwa, akapona. Wanaosema mtu huzoea hawajawahi kupigiwa simu asubuhi na kusikia pumzi ya mama yao kabla ya maneno.

Basi, pale kwenye kilio, ulipofika wakati wa kufunga sanduku, Feza alikuja na kibakuli cha pemba. Safari hii ilikuwa nyingi, aliiagiza mwenyewe kutoka kaskazini. Alimpaka Kabange kwenye paji la uso, akanipaka na mimi, kisha akatandika mkeka ubavuni mwa sanduku, akaniambia nilale kidogo tu, mgongo kwa mgongo, ili Kabange adhani nimemsindikiza na asirudi kunifuata. Sikukataa. Nilikuwa nimechoka, na niseme wazi, sehemu yangu ilitaka kulala pale na isiamke tena. Nililala. Sakafu ilikuwa ya baridi. Nyimbo zilipanda. Nilisubiri, kwa mazoea ya mwili, maumivu yaanze kugawanyika, na nilichosikia ni ubao wa sanduku mgongoni mwangu, mgumu, na nyuma yake hakuna anayenisukuma kwa kiwiko. Nikainuka mwenyewe. Nikapiga magoti, nikaweka mikono yangu yote juu ya sanduku, nikalia kwa sauti kubwa, kamasi na machozi, pemba ikinichuruzika hadi mdomoni.

Nyimbo zilikatika. Feza alinivuta bega, akisema, "Nyamaza, weye, nyamaza, utamufuata!" na wanawake wawili wakaja kumsaidia kuniondoa. Ndipo niliposikia kigoda kikisukumwa kando ya dirisha. Mama alikuwa amesimama, akijishikilia ukutani. "Feza, mumuache alie," alisema. "Balikuwa babili."

Akaja hatua kwa hatua, akanisogeza kidogo apate nafasi, akafungua kitambaa chake cha kichwa. Kisha aliita, "Kabange," mara ya kwanza maishani mwake bila kuanza na jina langu, na akalia.